Kamati ya Kichina

Mimi sina subira, na sijawahi kujifanya ninayo. Mama yangu husema nilizaliwa kabla mkunga hajamaliza kunawa mikono, na tangu siku hiyo hajaniona nimetulia. Basi kisia mwenyewe hali yangu mwaka ule wa themanini na saba, nikiwa Mbumbuni, kijijini kwetu Ukambani, nafundisha historia katika shule ya wasichana, na roho yangu yote iko Beijing.

Nilikuwa nimeishi Beijing kwa ufadhili wa serikali, nikisoma Kichina, na nilirudi kwa sababu ufadhili uliisha, si kwa sababu hamu iliisha. Kichina kina jambo moja linalowatoa wageni jasho. Silabi moja, ukiitamka kwa sauti ya juu iliyonyooka, ni neno moja. Ukiipandisha ni neno jingine, ukiishusha kisha ukaiinua ni la tatu, na ukiiangusha ghafla ni la nne. Hizo huitwa toni. Wenzangu darasani, akiwemo kijana mmoja wa Tanga na Wazungu kadhaa, walihangaika nazo hadi mmoja akalia mbele ya watu. Mimi nilizisikia tangu wiki ya kwanza.

Mwalimu wetu, mama mmoja mfupi aliyefundisha huku akipungia hewa mkono, alinishika bega siku moja akaniuliza nimewezaje. Nikamwambia sijui. Jibu hilo lilinikera kuliko lilivyomkera yeye. Nilipokuwa nafua nguo jioni ile nilijikuta naongea Kikamba peke yangu, nikisutana na sabuni, na hapo nikajisikia: sauti yangu ilikuwa ikipanda na kushuka bila mimi kuiambia. Kikamba nacho hutenganisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, ila sisi tumezaliwa ndani yake na hakuna aliyewahi kutuonyesha. Kiswahili hakina mambo hayo. Nikaanza kujiuliza kama mtu aliyelelewa katika lugha ya namna ile huenda Uchina akiwa na sikio lililokwisha andaliwa, au kama ni mimi tu niliyebahatika. Swali hilo liliniingia kama mwiba wa mgunga, na ukiwahi kudungwa na mgunga unajua kwamba ncha hubaki ndani.

Nilijisajili chuo kikuu Nairobi ili nilifuate. Msimamizi wangu, Daktari Mbugua, alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya kanisani, na aliniambia mambo waziwazi. Kulikuwa na chuo Beijing kilichokuwa tayari kumpokea Mkenya mmoja aendelee na utafiti wa toni. Yeye alikuwa na watu wawili mkononi, mimi na bwana mwingine, na angepeleka jina moja.

"Niletee matokeo safi," aliniambia. "Watu ambao hawajawahi kusikia Kichina hata siku moja. Ukinipa hiyo, jina ni lako."

Likizo ya Aprili niliteremka Mombasa nikawapima watu ambao lugha yao ya nyumbani ni Kiswahili. Walibahatisha tu, maskini, huku wakicheka. Likizo ya Agosti ilikuwa zamu ya Wakamba, na kwa nini nihangaike kutafuta Wakamba mbali wakati nilikuwa nimezungukwa nao? Daktari Mbugua alikubali kuja Mbumbuni Ijumaa kuchukua kaseti. Nilikuwa na wiki moja kati yangu na ndege.

Niliishi na mama yangu, Syokau, mjane, mwalimu wa kwaya ya kanisa letu. Watu waliokuwa hawamwogopi pasta walimwogopa yeye. Alikuwa na sikio ambalo lingeweza kumtoa mtu mmoja kati ya waimbaji wa kanisa zima na kumwambia akae chini. Jumapili jioni aliweka redio magotini, akasikiliza kwaya za Nairobi na Kisumu, na wimbo ukiisha alikuwa ameshaunyakua wote kwa solfa, zile do, re, mi ambazo wamishonari walituachia. Juma lililofuata Mbumbuni ilikuwa inauimba.

Kuhusu Beijing hakusema kitu. Kila nilipoitaja alikumbuka kuku, au kuni, au mtu aliyekuwa mgonjwa upande wa pili wa kijiji. Nilijua maana yake. Kaka yangu alikuwa na duka Emali na alirudi nyumbani Krismasi kwa Krismasi. Nilikuwa mimi tu. Mama alitaka nibaki, na alikuwa akinibakisha kwa kunyamaza, na kunyamaza kwake kulinifanya nitembee uani nikihesabu siku za mwisho wa likizo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwomba pasta anitangazie. Nilimweleza vizuri sana, nikatumia maneno utafiti na lugha na sayansi, naye akasimama mbele ya waumini akasema, "Binti yetu Nthenya ameletewa mtihani na watu wa Nairobi. Atatupima sisi. Jamani, tusimwangushe."

Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa nimeketi benchi la nyuma nikitingisha mguu, nikiwaza betri za redio kaseti, na sikusimama kurekebisha. Nilipaswa kujua. Kwetu mtu akipatwa na jambo, kamati huundwa kabla amina haijakauka mdomoni. Harusi ina kamati, mazishi yana kamati, na paa la kanisa lilikuwa na kamati mbili zisizosalimiana. Nimekulia ndani ya kamati hizo, moja ndiyo iliyoninunulia sanduku la kwenda Beijing, na bado halikunipitia akilini kwamba mtihani nao ungepata ya kwake.

Pasta alinipa chumba kidogo cha nyuma ya kanisa. Mtu alikaa mbele ya redio kaseti, sauti ya mwanamke wa Beijing ikatamka silabi moja, naye akaonyesha kwa kidole mchoro mmoja kati ya minne: njia ya tambarare, njia ya kupanda, njia inayoshuka bondeni kisha ikapanda, na njia ya kuteremka. Nilichora njia kwa sababu si wote waliosoma, na mtu anayekwenda milimani Mbooni kwa miguu hahitaji kueleweshwa maana ya kupanda. Baadaye alirudia silabi ile kwa mdomo wake nami nikamrekodi.

Jumatatu walikuja majirani wachache. Walikosea hapa na pale, wakashindwa kutenganisha ya kupanda na ya bondeni, lakini waliwapita watu wa Mombasa kwa mbali. Nilirudi nyumbani kichwa kinawaka. Sikuweza kukaa. Nilizunguka nyumba, nikaingia jikoni, nikatoka, nikacheza kaseti ile mara nyingine ili nione kama silabi fulani ilikuwa na kasoro, nikanung'unika peke yangu, nikasahau chakula. Mama alikuwa akikoroga isyo, mahindi na maharagwe yetu, kwenye sufuria, akinitazama.

"Wamefanya aje?" akauliza.

"Wamekosea kosea," nikasema, na nikatoka tena kabla ya kumaliza. Nilitaka kusema wamekosea vizuri, makosa yenye maana, lakini nani ana muda wa kueleza hayo kwa mtu anayekoroga sufuria?

Jumanne mambo yakabadilika. Alikuja Kaluki, fundi cherehani wa pale sokoni, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikosa la kusema. Alivaa gauni la Jumapili. Kabla sijabonyeza kitufe aliinamisha kichwa akaomba kimoyomoyo, kisha akafumba macho. Mkono wake mmoja ulikuwa chini ya meza. Hakukosea hata moja. Baada yake wakaja akina mama wawili wa sokoni, wote safi, na dereva wa trekta la ushirika, safi.

Sitasema nilishuku. Nilifurahi kama mwehu. Nilipita sokoni nikanunua nyama bila sababu, nikasalimia watu nisiowapenda. Kichwani nilikuwa nimeshafika Beijing, namtafuta yule mwalimu wangu mfupi kumwambia nimepata jibu: si mimi, mama, ni sisi sote. Jumatano wakaja wengine, na wengine, na kila mmoja aliondoka amepita kwa ukamilifu. Niliwaza hata kichwa cha tasnifu yangu. Nilikiwaza kwa Kichina.

Mtu wa mwisho Jumatano alikuwa Mzee Ndolo, mwashi aliyejenga nusu ya maduka ya Mbumbuni. Sikio lake la kushoto liliharibiwa na baruti za kupasulia mawe, na la kulia halina habari zote. Ukimwamkia inabidi upige kelele hadi ng'ombe wageuke. Nilimpokea kwa heshima tu, nikijua matokeo yake nitayaweka kando. Alisogeza kiti, akaweka kofia kwenye goti, akainamia redio, na kidole chake kinene kikaanza kutua juu ya michoro bila kusitasita. Hakukosea.

"Mzee," nikasema kwa sauti kubwa, "umesikia yote?"

"Nimesikia. Huyu mama leo amesema polepole."

"Leo?"

Mzee Ndolo alitafuta kofia yake kila mahali isipokuwa pale gotini ilipokuwa. Akasema ameacha saruji imechanganywa, akaondoka haraka kwa miguu yake yenye ugonjwa wa viungo.

Sikulala vizuri, na asubuhi niliwaahirisha watu wa Alhamisi kwa kisingizio cha betri. Nilitembea. Nilikwenda hadi mtoni nikarudi, nikaenda tena. Nilijiambia kwamba mzee anaweza kukosea neno. Nilijiambia pia kwamba mtu kiziwi anaweza kuhisi sauti kupitia meza, na nikakasirika kwa kuwa hata mimi sikujiamini. Adhuhuri miguu ilinipeleka kanisani bila kuniuliza.

Nikawasikia kabla ya kuwaona. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini madirisha ya kanisa letu hayakuwa na vioo bado, kwa sababu ya zile kamati mbili.

"So, so," sauti ya mama yangu iliimba.

"Tambarare," watu wakajibu kwa pamoja.

"Mi, so."

"Kupanda."

"Re, do, fa."

"Bondeni."

"So, do."

"Kuteremka."

Kisha mama akaacha noti akatamka silabi zenyewe, zile za mwanamke wa Beijing, moja baada ya nyingine bila mpangilio, kwa haraka. Hakukosea toni, na wao hawakukosea jibu. Kaluki alikuwa amekaa mbele akijipigia mapaja kwa kiganja. Wengine walikuwa bado hawajafika kwangu, waliokuwa na zamu Alhamisi na Ijumaa, na kwenye benchi la nyuma kulikuwa na birika kubwa la chai na vikombe vya kanisa. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, ilikuwa na katibu, na ilikuwa na mtu wa chai.

Nilisukuma mlango. Shingo zote ziligeuka. Kisha mtu wa chai, maskini wa Mungu, akauliza kama natumia sukari.

Mama aliwaambia watu waende. Wakapita pembeni yangu mmoja mmoja, wakinisalimu kwa adabu nyingi. Tukabaki wawili, yeye na rula yake ya kuongozea kwaya, mimi bado nimeshikilia mlango.

"Mwaitu, mnafanya nini?" Hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwetu, hata ukiwa umekasirika.

"Mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya hiyo Kichina yako. Jumatatu walianguka, ama si wewe ulisema? Ulirudi ukizunguka nyumba kama umefiwa, ukirudia hiyo kaseti hadi nikaishika yote. Nikaita kamati."

"Hawakuanguka." Sauti yangu ilikuwa juu sana, na nikaiacha huko. "Hakuna kuanguka, mwaitu, na hakuna kupita. Nilitaka kujua masikio yao yalivyo kabla ya kufundishwa. Daktari akitaka kukupima joto, wewe huendi kukaa juani kwanza ili umfurahishe."

"Pasta alisema ni mtihani."

"Pasta alikosea."

"Na wewe ulikuwa hapo, umekaa nyuma. Ungesema."

Alikuwa na haki, nami nikaongeza ukali. Nilimwambia ameniharibia kila kitu. Nilimwambia kwamba sasa hata kama wangesema kweli hakuna mtu wa kuwaamini. Nikamwambia pia lile nililokuwa nalo kifuani kwa muda mrefu, kwamba labda ndivyo alivyotaka, nishindwe, nibaki hapa nimfugie kuku.

Mama aliweka rula juu ya mimbari. Alikaa kwenye benchi la mbele, polepole, kama mtu anayetaka kukaa muda mrefu.

"Nani amekuambia nataka ubaki?"

"Nikitaja Beijing unakumbuka kuku."

"Ulitaka niseme nini? Niseme nenda? Mama gani anamwambia mtoto nenda?" Aliangalia mikono yake. "Tangu urudi unatembea tembea huku kama kuku anatafuta mahali pa kutaga. Unakula ukisimama. Nikikuongelesha, unajibu mtu mwingine. Nthenya, mimi nimechoka kuishi na mtu ambaye hayuko. Nikasema basi huyu aende. Kama ni kusukuma, nitasukuma mimi mwenyewe, na kanisa lisukume pamoja na mimi."

Maneno hayo yaliniuma, na yaliniuma zaidi kwa kuwa yalikuwa kweli. Nilikuwa nimemdhania mama yangu kuwa mlango uliofungwa, kumbe alikuwa nyuma yangu akisukuma kwa bega. Nilitaka kumwomba radhi. Badala yake nilitoka nje, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyo.

Mchana ule wote nilitembea, na nitakwambia nilichokuwa nawaza, kwa maana hakikuwa cha kitakatifu. Nilikuwa na kaseti nzuri kupita ndoto za mtafiti yeyote. Hakuna aliyejua ila kanisa la Mbumbuni, na kanisa la Mbumbuni lisingesema kamwe. Kabla ya mwaka kwisha ningekuwa nimeondoka. Mama mwenyewe angefurahi. Nilichohitaji kufanya ni kufunga mdomo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai mbele ya Daktari Mbugua.

Tatizo lilikuwa kwamba nilitaka kujua. Nilitaka kwenda kwa nguvu zangu zote, lakini lile swali ndilo lililokuwa likinipeleka, na kama ningelidanganya hapa, huko ningefika kufanya nini? Ningekaa Beijing nikisomea jibu nililolipika jikoni kwetu. Nilimlaani mwalimu wangu mfupi na mikono yake. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevumbika hadi magotini, mama akanipa maji ya kuoga.

Ijumaa Daktari Mbugua aliwasili kwa Peugeot yake iliyogeuka rangi ya barabara. Kwaya ilimpokea mlangoni kwa wimbo, wote kwa sare, na yeye, kama mtu wa kanisa, alisimama hadi ubeti wa mwisho. Kisha tukaingia kile chumba cha nyuma. Alisikiliza kaseti ya Jumanne, akasikiliza ya Jumatano, akavua miwani.

"Nthenya, hii ni kitu kikubwa. Unajua hii ni kitu kikubwa?" Tayari alikuwa anatafuta mahali pa kuweka kaseti ndani ya mkoba.

Nilitingisha mguu. Nilitazama ukuta. Nikasema, "Za Jumatatu peke yake ndizo safi, na ni watu wachache mno. Hawa wengine wamefundishwa."

"Wamefundishwa na nani? Kuna Mchina hapa?"

"Kuna mama yangu."

Nilimweleza yote. Hakuniamini, kwa hiyo nikampeleka kanisani, ambako watu walikuwa wameketi kwa mistari wakingojea majibu. Nilimwomba mama amwonyeshe. Alinitazama kwa muda, akijua namwomba nini, kisha akasimama akachukua rula. Alitoa silabi ya kwanza. Kwa kuwa walikuwa kwaya, na mgeni alikuwa mbele yao, walishindwa kujizuia: waliirudia kwa sauti nne, soprano juu, besi chini, toni ya Kichina ikishuka bondeni na kupanda kwa mpangilio mtamu ajabu. Daktari Mbugua alicheka hadi akafuta macho. Kisha akaacha kucheka, akaniita pembeni.

"Hii pia ni utafiti," akasema. "Watu wamejifunza toni kwa siku chache kwa sababu ya solfa. Mtu ataandika juu yake, pengine wewe. Lakini si hii tuliyoahidi. Wale wa Beijing wanataka jibu la swali letu, na huyu mwenzako majibu yake nimeyabeba kwa gari."

"Nipe muda."

"Jina naenda kupeleka Ijumaa ijayo. Tafuta watu wengine. Ukambani, lakini si hapa." Alitazama kanisa kupitia dirishani. "Na si mahali wana jamaa."

Alinishika mkono, akanibariki, akaondoka na mkoba mwepesi.

Nilianza kupiga hesabu papo hapo. Mji wa Kabati ni karibu, lakini kwaya ya mama ilikuwa imeshashindana huko na nusu ya kamati ilikuwa na mashemeji pale. Nilihitaji mahali pa mbali, mahali ambapo watu wanafuga mbuzi na ngamia na habari za Mbumbuni haziwahusu. Mbula, tuliyesoma naye, alikuwa muuguzi katika zahanati ya Tseikuru, kaskazini kabisa ya Kitui. Alikuwa amenikaribisha mara nyingi nami nikakataa kwa sababu ya umbali. Nikiondoka kesho yake asubuhi ningefika Jumapili, nikibahatika.

Kaluki alikuja mlangoni, mikono ameikunja mbele ya gauni. Yeye ndiye aliyekuwa katibu. Nyuma yake kanisa zima lilikuwa limegeuza shingo.

"Mwalimu, hatujui kama tumepita."

Nilikuwa na hasira bado, kidogo. Lakini niliwaona pale, na sare zao zilizopigwa pasi za makaa, watu walioacha mashamba na cherehani kwa siku tatu wakajifunza lugha ya watu wasiowajua, kwa ajili yangu. Nikasema, "Mmepita. Wote." Na haukuwa uongo. Wanawake wakapiga vigelegele, Mzee Ndolo akauliza nimesema nini, wakamwambia, akavaa kofia yake. Mama yangu hakupiga kigelegele.

Alinikuta nyumbani nimevuta sanduku kutoka uvunguni mwa kitanda. Alisimama mlangoni mwa chumba changu.

"Hao wamepita," akasema. "Na wewe?"

"Bado. Amenipa wiki. Lazima nipate watu ambao hawajaguswa."

Nilitarajia alie, au anilaumu, au akumbuke kuku. Aliingia akaketi kwenye kitanda, akaanza kunikunjia nguo, akikunja vizuri kuliko mimi, mikono yake ikipita juu ya kila kola.

"Niliharibu," akasema.

"Ulitaka kunisaidia."

"Niliharibu nikisaidia. Ni kitu moja." Akakunja nyingine. "Ni mbali?"

"Mbali kiasi. Ninakwenda..."

Mkono wake uliinuka, kiganja wazi, na nikanyamaza kabla ya kujua nimenyamaza.

"Usiniambie."

"Mwaitu, lazima ujue niliko. Kukitokea jambo?"

"Nikijua, nitakuja. Nitajiambia nakuletea unga. Nikifika, nikiona wanakosea, nitashindwa kukaa." Alisema hayo bila huruma yoyote kwa nafsi yake, kama alivyozoea kumwambia mwimbaji akae chini. "Mimi najijua. Hata hiyo Beijing, ukienda, usiniandikie ni mtaa gani."

Nilicheka, naye akacheka, kisha wote wawili tukaacha. Nilimpenda sana saa ile, na nilitaka sana kuondoka, na hakuna hata kimoja kilichopunguza kingine.

Asubuhi alibeba redio kaseti hadi langoni, mimi nikabeba sanduku. Nilipomaliza kujifunga leso kichwani alinipa redio, akanivuta kola ikae sawa, akaniambia niende na Mungu. Kisha akanipa mgongo akarudi ndani, upesi, kabla hajaona nimegeukia upande gani.